Tuuzieni Saa Mbili Baada ya Isha: Barua ya Wazi kwa Wenye Redio na Wenye Serikali

Kwa Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya;
Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Lamu, pamoja na waziri wake wa utamaduni;
Kwa mameneja wa vituo vyote vya redio vinavyosikika Amu na visiwani.

Assalaam alaykum waheshimiwa.

Mimi ni fundi wa redio hapa Langoni, mtaa wa Amu, yaani mji wa Lamu. Redio ikiletwa kwangu imekufa, mshale wake huwa umesimama palepale ulipoachwa na mwenyewe, kwa hiyo najua watu wanasikiliza nini hata wasiponiambia. Zamani mishale mingi ilikuwa imeganda kwenye idhaa ya taifa, na mwenye redio alikuwa anaihimiza iwahi kupona kabla ya saa za salamu na matangazo ya vifo. Siku hizi redio za wavuvi wa Faza na Kizingitini huja mshale ukiwa popote. Mwenyewe ukimuuliza anasikiliza stesheni gani, anakujibu, "Yoyote yenye nyimbo, fundi." Hana mtangazaji anayemjua kwa jina, na hakuna mtangazaji anayemjua yeye.

Ombi langu nitalisema mapema ili asiye na nafasi asilazimike kusoma mpaka chini. Tuuzieni saa mbili kila siku baada ya sala ya Isha, tangu saa mbili hadi saa nne usiku, ziwe mikononi mwa watangazaji wa huku, wanaokaa huku. Nimesema mtuuzie. Sikusema mtupe bure, wala sikuomba kituo kipya, mlingoti mpya au jengo lenye utepe wa kukatwa na mheshimiwa. Na sababu ya kulitaja neno kuuza ni mtu mmoja wa Chicago, Marekani, ambaye nimekuwa nikisoma habari zake, na ambaye ningependa nyinyi nyote mumjue kabla hamjanijibu.

Jina lake Jack L. Cooper. Alizaliwa Memphis, jimbo la Tennessee, tarehe 18 Septemba 1888, katika nyumba ya watoto kumi. Shule aliachia darasa la tano. Alipigana ndondi, akacheza besiboli, akazunguka miji na vikundi vya maonyesho akiimba na kuchekesha watu, kisha akawa mwandishi wa habari za jukwaani katika gazeti la Chicago Defender, ambalo lilikuwa gazeti la Weusi lililosomwa mpaka vijijini kusini kabisa. Mwaka 1925 gazeti lilipompeleka Washington aliingia redioni kwa mara ya kwanza. Kazi aliyopewa ilikuwa kuigiza sauti za vichekesho. Kuketi na kutangaza kwa sauti yake mwenyewe, kama mtu mzima mwenye akili zake, hapakuwa na nafasi hiyo.

Chicago wakati huo ilikuwa imejaa Weusi waliohama kutoka kusini kufuata kazi za viwandani na kukimbia dhuluma. Sensa ya 1930 iliwahesabu zaidi ya 230,000. Redio walikuwa nazo. Ila Mweusi waliyemsikia humo mara nyingi alikuwa Mzungu anayeigiza sauti ya Mweusi, akipindisha maneno ili watu wacheke. Kipindi maarufu kuliko vyote vya aina hiyo kilizaliwa mjini humohumo Chicago, na kilivuma nchi nzima.

Hapa naomba mtulie kidogo, hasa nyinyi mameneja. Mpwani yuko wapi kwenye redio zenu za Nairobi? Yuko kwenye kichekesho. Anavuta maneno, amelala chini ya mwembe, anangoja biriani. Sisi nasi hucheka, hatuna shida na utani, na watani tunao wa kutosha. Lakini kijana wa Siyu anaweza kusikiliza redio kutwa nzima na mtu pekee anayezungumza karibu na anavyozungumza mamake akawa ni mtu wa kuchekwa, tena anayeigizwa na mtu asiyewahi kupanda boti pale Mokowe, gati la bara tunakovukia.

Turudi kwa Cooper. Kulikuwa na kituo kidogo kiitwacho WSBC, cha kampuni ya betri, na mwenyewe aliitwa Joseph Silverstein. Desturi yake ilikuwa kuwauzia saa wahamiaji wa mataifa mbalimbali waliokuwa Chicago, kila kabila lipige ngoma yake na litangaze biashara yake. Cooper akamwendea na hoja nyepesi: na sisi je? Jumapili ya tarehe 3 Novemba 1929, saa kumi na moja jioni, kikaruka hewani kipindi alichokiita The All-Negro Hour. Tazameni tarehe hiyo. Soko la hisa la New York lilikuwa limeporomoka siku chache tu nyuma. Hakuna mshauri wa biashara ambaye angemwambia mtu aanze jambo jipya juma lile.

Mwanzoni kipindi kilikuwa cha waimbaji na wapigaji wa moja kwa moja, pamoja na vichekesho na nyimbo za kanisani. Inasimuliwa kwamba mapema miaka ya 1930 mpiga piano wake aligoma, na saa ya kuingia hewani ikafika studio haina muziki. Cooper akaleta gramafoni, akaiweka karibu na kipaza sauti, akaweka sahani ya santuri, akawa anazungumza kati ya wimbo na wimbo. Kama fundi, hapo ndipo moyo wangu uliposhikwa. Hakuna waya wa maana uliounganishwa, wala mashine iliyobuniwa. Sindano kwenye sahani, sauti inatoka kwenye chombo, kipaza sauti kinaidaka, na binadamu mmoja anayewajua wasikilizaji wake anachagua sahani inayofuata. Kazi ya dijei ndiyo hiyo mpaka leo, na wanaoandika historia ya redio ya Marekani humtaja yeye kuwa dijei wa kwanza Mweusi nchini humo.

Ila ufundi wake mkubwa ulikuwa kwenye hesabu. Cooper hakukaa kungoja mshahara wa kituo. Alinunua saa kwa jumla, kisha akaziuza kwa rejareja: dakika kwa mwenye duka la nguo, dakika kwa mwenye nyumba ya mazishi, dakika kwa kampuni iliyokuwa imegundua kwamba Weusi nao hununua mkate na sabuni. Kituo kilipata pesa yake bila kubahatisha, yeye akabaki na faida, na faida ile akaigeuza kampuni ya matangazo yake mwenyewe na studio nyumbani kwake, ambamo alifunza vijana kusoma taarifa na kuendesha mitambo. Katikati ya miaka ya 1930, kati ya saa 56 ambazo WSBC ilikuwa hewani kwa wiki, saa 9 na nusu zilikuwa zake. Kufikia miaka ya 1940 vipindi vyake vilikuwa vimetapakaa kwenye vituo kadhaa vya mji, na mkewe Gertrude alikuwa naye bega kwa bega katika kazi hiyo.

Sasa linganisheni na mambo yetu. Namjua kijana wa mtaani kwetu aliyeingia kituo kimoja, sitakitaja, akaambiwa ajitolee kwanza huku akizoea. Alijitolea mpaka akaoa. Nauli yake, chai yake, bando la kupakua nyimbo, vyote vyake. Matangazo yaliyopita kwenye kipindi chake yalilipwa makao makuu na yeye hakujua hata bei yake. Alipoondoka akaenda kuendesha bodaboda bara, na kipindi kikarithiwa na kompyuta. Mnaposema vijana wa Lamu hawana ari ya utangazaji, mimi humkumbuka huyo. Ningependa kuona mkataba unaosema wazi: saa hizi mbili bei yake ni hii kwa mwezi, ukizilipia ni zako, tafuta wadhamini wako, ukikosa shauri yako. Biashara hiyo watu wa Amu wanaielewa tangu enzi za majahazi ya Hadhramaut, na haina fadhila ndani yake.

Kuna jambo jingine la Cooper ambalo, kama mngelichukua hilo peke yake mkaacha mengine yote, ningewashukuru. Mwaka 1938 alianzisha kipindi cha kutafuta watu waliopotea. Chicago ilikuwa mji wa watu waliopotezana: kaka alitangulia kutoka Mississippi akahama nyumba kabla barua haijafika, mama amekuja na anwani isiyokuwepo tena, mtoto kachukuliwa na shangazi na shangazi hajulikani alikoelekea. Cooper alisoma majina hewani, polisi wakasaidia, wasikilizaji wakapiga simu. Maelfu ya watu walipatana na jamaa zao kwa njia hiyo. Hebu fikirieni redio iliyofikiriwa kuwa ya kupiga muziki ikifanya kazi hiyo.

Sisi tunapotezana baharini. Kusi, ule upepo wa kusini, likichachamaa, mashua iliyotoka Kizingitini asubuhi inaweza kusukumwa isikotaka, simu zao ama zimelowa ama hazina mtandao, na watu wa nyumbani wanabaki kuulizana ufukweni. Jioni moja walikuja kwangu wanawake wawili, mama na mkaza mwana, wakidhani kwa kuwa mimi hutengeneza redio basi nazijua namba za watu wa redio. Kweli ninazo. Nikapigia kituo ambacho ndicho kilichokuwa kikisikika vizuri zaidi usiku ule, hicho nacho sikitaji. Simu iliita mpaka ikakata, nikarudia, ikakata. Redio yenyewe ilikuwa pale juu ya meza yangu imefunguka, nyimbo zinafuatana bila mtu kusema neno, na katikati tangazo lilelile la mkopo wa simu. Mwishowe kijana mmoja akapokea kutoka Mombasa, akaniambia kwa adabu kabisa kwamba usiku studio haina mtu, mitambo inajiendesha, na kwamba tangazo la aina hiyo hulipiwa ofisini saa za kazi. Yule mama alikuwa ameshika ukingo wa meza yangu. Akauliza, "Wasemaye?" Nikamwambia wanasema kesho.

Wavuvi wale walipatikana salama na wenzao wa Ndau, alhamdulillahi, na walipatikana kwa sababu habari ilitembea kwa simu ya mtu hadi mtu. Mtangazaji aliye hai, aliyeketi studio, angesema dakika moja tu kwamba mashua yenye tanga la viraka na mashine ya rangi ya samawati haijarudi, na kila aliye na redio tangu Mkokoni mpaka Kiunga angetazama baharini. Sensa ya 2019 ilitupa watu 143,920 kaunti nzima, waliotawanyika visiwani na bara. Kwa idadi ndogo kama hiyo, iliyotawanyika hivyo, redio ndiyo baraza pekee tunaloweza kukaa sote kwa pamoja.

Cooper nampenda, lakini simfuati kila kitu. Yeye alipenda Kiingereza cha kunyooka, cha mtu aliyesoma, ili Mzungu asipate la kucheka, na nyimbo za blues, muziki wa majonzi wa Weusi wa kusini, za watu wa mashambani aliziona hazimfai. Namwelewa. Aliyezoea kuigizwa ana haki ya kujipanga. Lakini katikati ya miaka ya 1940 alikuja Al Benson, naye mhamiaji kutoka Mississippi, akafungua mdomo hewani na lafudhi yake yote ya kusini, misemo ya mitaani, makosa ya sarufi kadha wa kadha, na blues juu yake. Wasikilizaji wakahamia kwake kwa wingi, kwa sababu walisikia mtu wa kwao, na kufikia mwisho wa miaka ile yeye ndiye aliyekuwa akitamba miongoni mwa madijei wa Chicago. Mwaka 1948 kule Memphis, mji alikozaliwa Cooper, kituo cha WDIA kilichokuwa kikielekea kufilisika kilimpa kipaza sauti mwalimu wa historia aitwaye Nat D. Williams, na kikageuka kuwa kituo cha Weusi siku nzima. Hakikufilisika. Mwaka 1954 kilikuwa kikirusha kwa wati 50,000.

Nasema haya kwa sababu ya tabia ya kuwasahihisha watangazaji wetu. Mtoto wa Mkomani akiingia studio anaambiwa aseme njia, asiseme ndia. Aseme macho, asiseme mato. Taarifa ya habari isomwe kwa Kiswahili sanifu, sina neno, watoto wana mitihani na wageni wana haki ya kuelewa. Lakini saa mbili za usiku, za muziki na salamu na mazungumzo, muacheni Mwamu azungumze Kiamu, Mbajuni Kitikuu chake, na Mpate vilevile. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha mbalimbali za watu wa Kenya. Tendi zilizosifiwa dunia nzima zilitungwa kwa lugha za visiwa hivi, halafu lugha hizohizo ziambiwe hazifai kusoma salamu!

Na muziki upo. Marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Amu huyu, udi wake unajulikana mpaka Ulaya. Vijana wa hapa wengi hawajapata kumsikia redioni hata mara moja. Mimi nina maboksi ya kanda zake, na za Juma Bhalo, nyingi zikiwa za Mbwana Radio Service ya Mombasa, duka la redio lililorekodi taarabu wakati wakubwa hawakuona faida yake. Kanda hizo zinanata kwa joto na chumvi. Nazifungua moja moja, nazikausha, nazipitisha kwenye kompyuta, na zikishaingia kwenye flashi hakuna anayezipokea. Mtangazaji wa hapa angezipokea kesho. Angejua pia nyumba ya kwenda kuuliza wimbo fulani uliimbwa kwenye harusi ya nani, maana habari hiyo haiko kwenye flashi.

Si kwamba Pwani haikuwahi kutoa watu wa redio. Sauti ya Mvita ilitangaza kutoka Mombasa enzi za mkoloni. Leonard Mambo Mbotela, tuliyemzika mwaka 2025, alizaliwa Freretown, Mombasa, akaingia Sauti ya Kenya, idhaa ya taifa, mwaka 1964, na kwa miongo mingi hakuna nyumba ya Kiswahili isiyoijua sauti yake. Lakini safari yake ilikuwa ya kwenda Nairobi. Mimi naomba njia ya mtu kuwa mtangazaji bila kuhama.

Najua mnachoogopa, hasa Mamlaka. Mnaogopa redio za lugha za nyumbani kwa sababu ya yale machafuko ya baada ya uchaguzi ya 2007 na 2008, mpaka mtangazaji mmoja Mkenya akafikishwa mahakama ya kimataifa kule The Hague, kesi ikaja kukatizwa 2016. Hofu hiyo si ya bure na sitaidharau, tena katika kaunti ambayo imeonja umwagaji damu wake yenyewe. Dawa yake ni mkataba, mhariri wa kituo kuwepo zamuni, na rekodi ya kila kipindi kutunzwa ili mwenye malalamiko asikilizwe kwa ushahidi. Cooper mwenyewe aliendesha kipindi cha mjadala, Listen Chicago, tangu 1946, na humo watu walibishana juu ya mambo mazito kuliko ya kwetu. Kinachonitia hofu mimi zaidi ni uvumi wa usiku unaopita kwenye simu wakati redio inapiga nyimbo peke yake na hakuna wa kuukanusha.

Mheshimiwa Gavana, kwako nina neno moja la pesa. Kaunti hutangaza chanjo, bursari, zabuni, mikutano ya bajeti. Sehemu ya fedha hizo inunue dakika kwenye saa hizo mbili, kwa bei ileile anayolipa muuza nyavu, bila masharti ya kusifiwa. Mtangazaji akianza kulipwa kwa kukusifu, wavuvi watazima redio, nami nitajua kabla yako kwa kutazama mishale.

Kwa Mamlaka: sheria inatambua utangazaji wa umma, wa biashara na wa jamii. Hayo ya jamii tunayajua, lakini kikundi cha vijana kisichokuwa na mlingoti hakiwezi kubeba gharama za kituo kizima. Toeni mwongozo wa maandishi unaoruhusu na kulinda ununuzi wa saa kwenye kituo kilichopo: nani anawajibika kwa kinachosemwa, malipo yanapita wapi, na kituo kikivunja mkataba mnunuzi aende kwa nani.

Kwenu mameneja, bei tajeni nyinyi. Upande wa wadhamini nimeshaanza kuuliza: mwenye duka la nyavu na vipuri vya mashine, wenye boti za Mokowe, mama wa mahamri wa hapo Mkunguni ambaye aliniuliza kama anaweza kulipa kwa wiki. Watangazaji wapo wanne tayari, wawili wao wanawake. Mitambo midogo ya kurekodia naweza kuitengeneza mwenyewe. Ninachohitaji ni jibu la maandishi lenye orodha ya bei, na lifike kabla kusi halijaanza, kwa sababu likishaanza tutawahitaji hewani zaidi kuliko wakati mwingine wowote.

Wassalaam,

Fundi wa redio,
Langoni, Lamu.